Ngazi ya Kumi: Msimu wa 2005–06 katika Ligi ya Kaskazini-Magharibi ya England

North West Counties Football League ni ligi ya soka iliyozaliwa mwaka 1982, pale ligi mbili kongwe za kaunti za Cheshire na Lancashire zilipounganishwa. Eneo lake ni kaskazini-magharibi mwa England: miji ya viwanda inayoizunguka Manchester, bandari za Mto Mersey, miji ya nguo ya Lancashire, malisho ya ng'ombe wa maziwa ya Cheshire, pwani ya Cumbria, na vipande vya Staffordshire na Derbyshire vinavyopakana nayo. Kwa zaidi ya miaka ishirini ligi hiyo iliendeshwa kimyakimya, matokeo yake yakisomwa katika magazeti ya mitaa na watu waliowajua wachezaji kwa majina. Msimu wa 2005–06 uliitoa katika kimya hicho. Katika msimu huo mmoja, timu mpya ya mashabiki waliojitenga na Manchester United ilivuta maelfu ya watu kwenye mechi za daraja la chini, timu iliyotokana na wajenzi wa meli wa Birkenhead ikatwaa ubingwa wa daraja la juu, na timu ya mji mdogo wa Nantwich ikabeba kombe la taifa.

Ili kuuelewa msimu huo, ni lazima kwanza kuelewa jinsi soka la England lilivyopangwa. Juu kabisa ipo Ligi Kuu yenye timu 20, na chini yake madaraja matatu yenye jumla ya timu 72. Hizo 92 ndizo klabu zinazojulikana duniani, zenye wachezaji wanaoishi kwa mpira. Lakini mpangilio hauishii hapo. Ngazi ya tano ni ligi moja ya nchi nzima. Ya sita iligawanywa mwaka 2004 kuwa kaskazini na kusini. Ya saba na ya nane zinaendeshwa na ligi tatu za kanda. Kadiri mtu anavyoshuka, ndivyo eneo la kila ligi linavyozidi kuwa dogo. Sababu kubwa ni nauli: klabu inayoingiza watazamaji themanini haiwezi kukodi basi la kuvuka nchi kila baada ya wiki mbili. North West Counties ilikuwa na madaraja mawili katika mpangilio huo. Daraja lake la Kwanza lilikuwa ngazi ya tisa ya soka la England, na Daraja la Pili lilikuwa ngazi ya kumi. Chini yake zilikuwepo ligi ndogo zaidi, kama Manchester League na West Cheshire League, ambazo mabingwa wake waliweza kuomba kupanda.

Jambo la msingi ni kwamba ngazi hizi zimeunganishwa kwa kupanda na kushuka. Timu ya ngazi ya kumi haitengwi na Ligi Kuu kwa ukuta wowote wa kisheria. Inatengwa kwa hatua tisa, kila moja ikidai ubingwa au nafasi ya juu, pamoja na uwanja unaokidhi masharti: uzio unaouzunguka uwanja, vyumba vya kubadilishia nguo, jukwaa lenye paa, na taa za mechi za usiku. Masharti haya huzikwamisha klabu nyingi kuliko uhaba wa mabao. Kuna timu iliyomaliza katika nafasi ya kupanda na kubaki ilipo kwa sababu haikuwa na fedha za kusimika nguzo za taa.

Mchezaji wa ngazi hiyo ana kazi nyingine. Ni fundi bomba, mwalimu, dereva wa lori au mwanafunzi. Hufanya mazoezi jioni mara mbili kwa wiki na hulipwa fedha kidogo za mfukoni, au nauli tu. Mechi huchezwa Jumamosi saa tisa alasiri na katikati ya wiki usiku. Kuanzia Novemba mvua ya kaskazini huujaza uwanja maji, mwamuzi huukagua asubuhi na kuahirisha mchezo, na kufikia Aprili timu yenye viporo vingi hujikuta ikicheza mara tatu kwa wiki. Nyuma ya kila klabu wapo watu wa kujitolea: katibu anayesajili wachezaji, mzee anayepiga chokaa mistari, mama anayepika chai ya mapumziko, kijana anayekaa mlangoni na kisanduku cha viingilio. Anayelifahamu soka la mchangani la Dar es Salaam au Mombasa ataitambua hali hii mara moja, ila kwa tofauti moja kubwa: kule England mchangani kumeunganishwa rasmi na kileleni.

Daraja la Pili la msimu wa 2005–06 lilikuwa na timu 19, na orodha yake ina historia nzito kuliko inavyotarajiwa katika ngazi hiyo. Nelson, klabu ya mji wa viwanda vya pamba, ilianzishwa mwaka 1881 na ilicheza katika ligi ya kulipwa kwa miaka kumi kuanzia 1921. Mwaka 1923, ikiwa ziarani Hispania, iliifunga Real Madrid mabao 4–2 mjini Madrid. Darwen, mji jirani, ilikuwa klabu ya ligi ya kulipwa katika miaka ya 1890, na kabla ya hapo, mwaka 1879, wafanyakazi wake wa viwandani waliwatoa jasho matajiri wa Old Etonians katika Kombe la FA, wakati ambapo mchezo huo ulikuwa bado mali ya waliosoma katika shule za mabwana. Chadderton, ya kando ya Oldham, ndiko alikopitia akiwa kijana David Platt, ambaye baadaye alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya England. Winsford United ilitoka katika mji wa machimbo ya chumvi, Holker Old Boys katika mji wa meli wa Barrow, na Leek CSOB ilianzishwa na wanafunzi wa zamani wa shule moja ya Staffordshire. Klabu hizi hazikuwa jukwaa tupu lililokuwa likimsubiri mgeni maarufu. Kila moja ilikuwa na watu wake na sababu zake za kuendelea kuwepo.

Mgeni huyo alikuja kutokana na mambo yaliyotokea ngazi tisa juu yake. Mei 2005 Malcolm Glazer, mfanyabiashara wa Florida aliyemiliki timu ya soka la Kimarekani ya Tampa Bay Buccaneers, alikusanya hisa za kutosha kuimiliki Manchester United. Ununuzi ulifikia takriban pauni milioni 790, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo. Mzigo wa mikopo hiyo uliangukia klabu yenyewe, ambayo hadi siku hiyo haikuwa na deni. Maana yake kwa shabiki ilikuwa rahisi kueleweka: kiingilio alicholipa uwanjani Old Trafford kingetumika kulipa riba ya deni ambalo klabu haikulihitaji, ili mtu mmoja aimiliki. Manchester United ilikuwa kampuni ya hisa katika soko la London tangu 1991, na vyama vya mashabiki vilikuwa vimepinga majaribio ya ununuzi kabla ya hapo. Safari hii vilishindwa.

Katika mikutano ya hadhara jijini Manchester, mmoja ukiwa ndani ya ukumbi wa Apollo mwishoni mwa Mei, wazo lililokuwa likitajwa kwa mzaha lilianza kuzungumzwa kwa uzito: kuanzisha klabu nyingine. Mfano ulikuwepo. Mwaka 2002, mashabiki wa Wimbledon walioona timu yao ikiruhusiwa kuhamia Milton Keynes walianzisha AFC Wimbledon, wakaanzia chini, na walikuwa tayari wakipanda. Wale wa Manchester walifuata njia hiyo. Waliunda chama cha ushirika ambamo kila mwanachama ana kura moja, awe ametoa pauni kumi au elfu moja. Bodi ingechaguliwa na wanachama, faida isingegawiwa kwa mtu, viingilio vingekuwa vya chini, na jezi isingebeba tangazo la biashara. Jina lenyewe, FC United of Manchester, lilipigiwa kura.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, suala la umiliki wa wanachama si geni. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ilikulia katika uanachama, vivyo hivyo Gor Mahia na AFC Leopards. Na wanachama wa Simba walipojadili mwaka 2017 kumpa mwekezaji asilimia 49, walijadili swali lilelile lililowasumbua watu wa Manchester: klabu ni ya nani, na mwenye fedha aishie wapi. Tofauti ni kwamba Manchester swali liliulizwa baada ya mali kuuzwa. Mashabiki walikuwa na njia mbili, kuvumilia au kuondoka, na kuondoka kuligawa familia. Wapo waliowaona walioondoka kuwa wasaliti walioikimbia timu siku ya shida. Wapo walioendelea kwenda Old Trafford na FC United kwa wakati mmoja. Maumivu ya mgawanyiko huo hayapaswi kupuuzwa, kwa sababu watu hao walikuwa wamekaa kiti kwa kiti kwa miaka mingi.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kushangaza kwa kasi yake. Mwezi Juni aliteuliwa kocha, Karl Marginson, mzaliwa wa Manchester aliyewahi kuchezea Rotherham na Macclesfield, na ambaye riziki yake ilikuwa kusambaza matunda na mboga kwa gari kuanzia alfajiri. Ilitangazwa siku ya majaribio. Watu wapatao 900 waliomba, 200 wakaitwa, na 17 wakachaguliwa. Uwanja haukuwepo, hivyo walikodi Gigg Lane, uwanja wa klabu ya Bury, kilomita chache kaskazini mwa Manchester. Ligi ya North West Counties iliwakubali katika Daraja la Pili. Hapa ndipo ubora wa mpangilio wa England unapoonekana wazi. Mlango wa chini ulikuwa wazi, lakini hakuna aliyepewa nafasi ya kuruka foleni kwa sababu ya idadi ya mashabiki wake. Klabu iliyoweza kuingiza maelfu ya watu ilianzia mahali palepale ambapo ingeanzia timu ya kiwanda au ya kanisa.

Mechi ya kwanza ya kirafiki, Julai, ilikuwa dhidi ya Leigh RMI na iliisha bila bao; zaidi ya watu 2,500 walikwenda kuitazama. Wiki moja baadaye timu ilisafiri London kucheza na AFC Wimbledon, ikafungwa 1–0 katika mkutano uliokuwa wa undugu zaidi kuliko ushindani. Ligi ilianza tarehe 13 Agosti 2005, ugenini kwa Leek CSOB. Wenyeji hao walikuwa na kawaida ya kucheza mbele ya watu wachache. Siku hiyo zaidi ya 2,500 walifika, na FC United ikashinda 5–2. Wiki iliyofuata Padiham ilikuja Gigg Lane na kupoteza 3–2 kwa taabu. Kutokana na matokeo hayo mawili, picha ya msimu ilianza kuonekana: mabao mengi upande mmoja, lakini wapinzani waliokataa kuwa wasindikizaji.

Kwa klabu ndogo, kutembelewa na FC United lilikuwa tukio la mwaka. Uwanja wenye kamba na benchi mbili haungeweza kupokea watu elfu mbili kwa usalama, hivyo baadhi ya wenyeji waliukodi uwanja mkubwa wa jirani. Blackpool Mechanics walihamishia mchezo wao Bloomfield Road, nyumbani kwa klabu ya kulipwa ya Blackpool, na watu wapatao 4,300 wakaingia. Castleton Gabriels, timu ya kitongoji cha Rochdale, nao walicheza katika uwanja wa Rochdale. Kukodi uwanja, kulipa wasimamizi wa usalama na kuchapisha majarida ya mechi kuligharimu, lakini viingilio vya siku moja vilizidi kwa mbali vile ambavyo klabu kama hizo huviona kwenye mechi ya kawaida. Fedha ambazo zingetafutwa kwa bahati nasibu za Ijumaa na minada ya nguo kuukuu zilipatikana kwa dakika tisini. Hilo lilikuwa zao la kweli la msimu huo kwa ligi nzima, na lina uzito kuliko rekodi nyingi zilizoandikwa magazetini.

Kulikuwa pia na zao lisiloingia kwenye vitabu vya hesabu. Beki wa kujitolea wa Padiham au Daisy Hill, aliyezoea kusikia sauti ya kila mtazamaji mmoja mmoja, alicheza mbele ya umati ulioimba kwa dakika zote. Mashabiki wa FC United walikuwa wameacha uwanja ambao waliona umepoa: viti vya lazima, bei za juu, na vijana wa mjini wasioweza kununua tikiti pamoja kama baba zao walivyofanya. Katika ngazi ya kumi walisimama, wakaimba, wakabadilisha upande wakati wa mapumziko ili wawe nyuma ya goli ambalo timu yao inalishambulia. Walijiona wamerudishiwa Jumamosi yao.

Swali la haki lazima liulizwe. Je, ilikuwa sawa timu yenye maelfu ya mashabiki kushindana na timu zenye makumi? Mapato ya mlangoni ya FC United hayakuwa na mfano katika daraja lile, na ingewezekana kununua wachezaji wa ngazi ya sita na kuua ushindani kufikia Krismasi. Haikuwa hivyo. Kikosi kilibaki cha wachezaji wa soka la chini, wengi wao wakitoka katika klabu za eneo lilelile, na mshambuliaji wake aliyeng'ara zaidi, Rory Patterson, alikuwa kijana aliyekuwa njiani kujijenga. Miaka michache baadaye aliichezea timu ya taifa ya Ireland Kaskazini. Bado, faida ya kucheza mbele ya umati ni faida halisi, na mpinzani aliyeisikia ikimlemea ana haki ya kulalamika. Ligi ilifanya jambo pekee lililokuwa la haki: iliwapangia ratiba ileile, masharti yaleyale, na kuwaacha wapande kwa pointi zao.

Pointi zilipatikana. Desemba 2005 Castleton Gabriels walikumbana na kipigo cha 10–2, Simon Carden akifunga mabao matano peke yake. Kulikuwa na siku mbaya pia, na timu zilizokuwa zikiifukuza, Nelson miongoni mwao, hazikukata tamaa hadi masika. Mwanzoni mwa Aprili, ushindi wa 4–0 dhidi ya Chadderton uliihakikishia FC United kupanda daraja, na kabla ya mwezi kwisha ubingwa ulikuwa wake. Hesabu ya mwisho ilisomeka hivi: mechi 36, ushindi 27, sare 6, kufungwa 3, mabao 111 ya kufunga na 35 ya kufungwa, pointi 87.

Siku ya kukabidhiwa kombe, mwishoni mwa Aprili, mgeni Gigg Lane alikuwa Great Harwood Town. Watu 6,023 waliingia, idadi ambayo ligi hiyo ilikuwa haijawahi kuiona. Wageni hawakuja kupamba sherehe, walishinda 1–0. Matokeo hayo yanastahili kukumbukwa pamoja na kombe, kwani yanaonyesha ligi ilikuwa na ushindani wa kweli. Katika msimu mzima, mechi za nyumbani za FC United zilihudhuriwa kwa wastani wa watu 3,000 na ushei, kiwango ambacho baadhi ya klabu za kulipwa za ngazi ya nne hazikukifikia mwaka huo.

Kelele za Daraja la Pili ziliyafunika yaliyotokea Daraja la Kwanza, na hilo ni kosa la magazeti ya wakati ule, kwa sababu huko soka lilikuwa bora zaidi. Bingwa alikuwa Cammell Laird ya Birkenhead, ng'ambo ya Mto Mersey ukitokea Liverpool. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya wafanyakazi wa karakana ya meli yenye jina hilohilo, karakana ambayo historia yake inagusa Afrika: katika yadi ya familia ya Laird ndiko ilikojengwa Ma Robert, meli ndogo ya mvuke ambayo David Livingstone aliipeleka Mto Zambezi mwaka 1858. Kwa miongo mingi timu ya karakana ilitawala West Cheshire League bila kuomba kupanda. Ilipoamua hatimaye kujiunga na North West Counties mwaka 2004, ilitwaa ubingwa wa Daraja la Pili katika msimu wake wa kwanza na wa Daraja la Kwanza katika msimu wa pili, huu wa 2005–06, kisha ikapanda ngazi ya nane. Madaraja mawili katika miaka miwili, bila kamera, ni kazi inayolingana na ya FC United, na kwa upande wa mpira wenyewe huenda inaizidi.

Timu nyingine ya Daraja la Kwanza ilipata utukufu wa aina tofauti. Chama cha Soka cha England huendesha, mbali na Kombe la FA, mashindano ya mtoano kwa klabu za chini. Kwa ngazi ya tisa na ya kumi, mashindano hayo ni FA Vase, yaliyoanza mwaka 1974 wakati tofauti rasmi kati ya wachezaji wa ridhaa na wa kulipwa ilipofutwa. Mamia ya klabu huingia, na fainali kwa kawaida huchezwa Wembley, jambo linaloifanya kuwa ndoto kubwa kuliko zote kwa mchezaji ambaye Jumatatu anarudi kazini. Mwaka 2006 Wembley ilikuwa bado inajengwa upya, hivyo fainali ilipelekwa St Andrew's mjini Birmingham. Nantwich Town, klabu ya mwaka 1884 kutoka mji mdogo wa soko wa Cheshire, iliifunga Hillingdon Borough ya magharibi mwa London mabao 3–1. Kwa Nantwich hilo ni taji kubwa kuliko yote, na lilipatikana na wachezaji wa ligi ambayo wengi waliijua kwa sababu ya mgeni wake mmoja tu. FC United yenyewe haikushiriki FA Vase wala Kombe la FA msimu huo, kwa kuwa ilikuwa changa mno kuruhusiwa; ilianza Vase msimu uliofuata na Kombe la FA mwaka 2007.

Yaliyofuata kwa FC United yanajulikana zaidi. Msimu wa 2006–07 ilitwaa Daraja la Kwanza kwa mabao 157 na pointi 112 katika mechi 42, na mwaka 2008 ikapanda tena kupitia mechi za mchujo. Novemba 2010, katika raundi ya kwanza ya Kombe la FA, iliitoa Rochdale ya ngazi ya tatu kwa 3–2, kisha ikatoka sare 1–1 ugenini kwa Brighton kabla ya kufungwa katika mechi ya marudiano. Mei 2015 ilifungua uwanja wake wenyewe, Broadhurst Park, katika mtaa wa Moston, kwa mchezo wa kirafiki na Benfica, tarehe ileile ambayo Manchester United iliifunga Benfica katika fainali ya Ulaya ya 1968. Mwaka huohuo ilifika ngazi ya sita. Haikubaki huko, ilishuka mwaka 2019, na ndani yake kulikuwa kumepita migogoro ya uongozi ambayo wanachama waliilipia kwa mikutano mirefu na kura nyingi. Umiliki wa wanachama haukuwapa ushindi wa kudumu uwanjani. Uliwapa haki ya kuwaondoa viongozi wao, ambayo wenzao waliobaki Old Trafford hawana.

Kwa baadhi ya majirani zake wa 2005 hali ilikuwa ngumu zaidi. Darwen, ile ya mwaka 1879, ilifungwa kwa amri ya mahakama kutokana na madeni mwaka 2009, na wakazi wakaanzisha AFC Darwen kuchukua nafasi yake. Cammell Laird nayo ilibidi ianze upya mwaka 2014 kwa jina la Cammell Laird 1907. Viingilio vya siku moja ya mgeni maarufu husaidia kupitisha msimu, lakini haviwezi kuitunza klabu kwa miaka kumi. Kinachoitunza ni idadi ya watu wa mtaa wanaokuja mwezi Februari, mvua ikinyesha, mpinzani akiwa hajulikani.

Pigo kubwa kuliko yote liliwapata wenye Gigg Lane. FC United ilikuwa imeondoka hapo mwaka 2014. Agosti 2019 Bury, klabu ya mwaka 1885 iliyowahi kushinda Kombe la FA mara mbili, ilifukuzwa kutoka ligi ya kulipwa baada ya mmiliki wake kushindwa kuthibitisha kwamba ina fedha za kumaliza msimu. Mashabiki wake walifanya walichofanya wapangaji wao wa zamani: waliunda klabu inayomilikiwa na wanachama, Bury AFC, wakaomba nafasi, na mwaka 2020 wakapokewa na North West Counties katika ngazi ya kumi. Mwaka 2023, baada ya makundi mawili ya mashabiki kukubali kuungana, jina la Bury lilirudi Gigg Lane, timu ikiwa imeshapanda hadi ngazi ya tisa ya ligi hiyohiyo.